Zimmerit: Lipu ya Vifaru vya Hitler

Picha zilizopigwa Normandy katika kiangazi cha 1944 zinaonyesha vifaru vya Ujerumani vyenye ngozi ya ajabu. Mahali pa bamba laini la chuma, ubavu wa Tiger au Panther umejaa mistari ya kukwaruzwa, safu juu ya safu, kuanzia mbele hadi nyuma. Hapa na pale kipande kimebanduka na chuma cha chini kimebaki uchi.

Mistari hiyo haikuchongwa kwenye chuma. Ni lipu. Jina lake Zimmerit, na iliundwa na kampuni ya kemikali ya Berlin, Chemische Werke Zimmer. Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei, kuanzia mwishoni mwa kiangazi cha 1943 hadi Septemba 1944, vifaru vya Ujerumani vilivyotoka viwandani vilipigwa lipu hiyo kwa mkono, na vingine vilivyokwisha kupelekwa vitani vilipakwa huko huko. Lengo lilikuwa moja: bomu la sumaku lisipate pa kunasa.

Kinachoshangaza ni mwenye bomu. Jeshi lililokuwa na mabomu hayo kwa maelfu na maelfu, na lililowafunza askari wake wa miguu kuyapachika kwenye vifaru, lilikuwa jeshi la Ujerumani lenyewe.

Ili kuelewa ilikuwaje, inabidi kurudi nyuma hadi Juni 1941, Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti. Ndani ya wiki chache za mwanzo askari wa Kijerumani walikutana na T-34 na KV, vifaru ambavyo deraya yake iliyarudisha makombora ya mzinga wao mdogo wa milimita 37. Mzinga huo wenyewe wakaubandika jina la dhihaka, kigonga mlango, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubisha hodi tu. Askari wa miguu alibaki na njia za kujitoa mhanga: kufunga mabomu ya mkono kadhaa pamoja, kusukuma bomu la ardhini chini ya minyororo ya kifaru, au kurusha chupa ya petroli. Waliofaulu na kupona walihesabiwa mashujaa. Tarehe 9 Machi 1942 ikaanzishwa beji maalumu ya kushonwa kwenye mkono wa sare kwa kila askari aliyekiangamiza kifaru peke yake kwa silaha ya karibu.

Novemba 1942 askari huyo akapewa zana bora zaidi. Iliitwa Hafthohlladung. Ilikuwa koni ya chuma yenye baruti ndani, uzito wake kama kilo 3, na chini yake sumaku 3 zenye nguvu. Askari alilikimbilia gari la adui, akalibandika bomu lake ubavuni, akavuta kiwashio na kukimbia. Mwanzoni alikuwa na sekunde 4 na nusu tu za kujinusuru. Mwaka uliofuata muda huo ukaongezwa hadi kama sekunde 7. Baruti ilikuwa imeachiwa uwazi wa umbo la koni upande wa kifaru, kwa hiyo nguvu ya mlipuko ilikusanyika mahali pamoja na kutoboa chuma kwa mchirizi mwembamba wenye kasi kubwa mno. Deraya ya milimita 140 haikufua dafu. Wakati ule hapakuwa na kifaru chenye deraya nene kiasi hicho ubavuni.

Maofisa wa jeshi la nchi kavu walipoyaona matokeo hayo walijiuliza swali la kawaida kwa mtu mwenye silaha kali: je, adui naye akiwa nayo? Mabomu yangeweza kutekwa pamoja na mateka na maghala. Haikuhitaji mhandisi bingwa kunakili koni na sumaku tatu. Na adui huyo alikuwa na askari wa miguu mamilioni.

Hofu hiyo ilipata mahali pa kushika katika kiangazi cha 1943. Kwenye mapigano ya Kursk, yaliyoanza tarehe 5 Julai, Wajerumani waliingiza uwanjani Ferdinand, gari zito la kuwindia vifaru lililojengwa takriban 90 tu. Lilikuwa na mzinga wa kutisha wa milimita 88 na deraya ya mbele ya milimita 200, lakini halikuwa na bunduki ya rashasha ya kulinda ubavu wake. Likishatenganishwa na askari wa miguu waliolisindikiza, liligeuka jitu lisiloweza kumfukuza mtu aliyesimama karibu nalo. Magari yaliyosalia yalirudishwa Austria, katika kiwanda cha Nibelungenwerk huko Sankt Valentin, yakafungwa rashasha mbele na kupigwa lipu ya Zimmerit. Mwanzoni mwa 1944 baadhi yalipelekwa Italia, na mwaka huo huo yakabadilishwa jina kuwa Elefant, yaani tembo. Ferdinand lililotekwa Kursk na kuhifadhiwa Kubinka, karibu na Moscow, lina chuma kitupu. Elefant lililotekwa Italia na kupelekwa Marekani limebaki na lipu yake. Gari ni lile lile. Kati ya hayo mawili ilipita miezi michache na amri moja.

Lipu hiyo haikuua sumaku wala kuigeuza kwa kemia yoyote. Iliongeza umbali, basi. Nguvu ya sumaku hupungua kwa haraka sana inapoachana na chuma, na mtu yeyote anaweza kuona hilo akiweka kipande cha kadibodi nene kati ya sumaku na mlango wa friji: kilichokuwa kimeng'ang'ania kinateleza chini. Bomu la kilo 3 linalotakiwa kujishikilia kwenye ukuta uliosimama wima, tena kwenye gari linalotikisika na kutembea, halihitaji kusogezwa mbali ili lianguke. Milimita chache zinatosha.

Hapo ndipo mistari ilipofanya kazi. Kama wangepaka lipu bapa yenye unene wa kutosha, kila kifaru kingebeba mzigo mkubwa zaidi na kula malighafi nyingi zaidi. Kwa kuikwaruza lipu kwa kitu chenye meno, vilele vya mistari viliisukuma sumaku nje, na mabonde kati yake yalikuwa hewa tupu isiyo na uzito wala gharama. Pamoja na hesabu hiyo, Tiger moja ilimeza takriban kilo 200 za Zimmerit. Kwa gari la tani 57 huo ni uzito mdogo, lakini kilo 200 za lipu lazima mtu azipake.

Mchanganyiko wenyewe haukuwa na siri kubwa. Sehemu 40 kwa 100 zilikuwa salfeti ya bariamu, unga mweupe mzito unaotumika pia kutengeneza rangi. Sehemu 25 zilikuwa polivinili asetati, gundi ya ukoo ule ule wa gundi nyeupe ya maseremala, na ndiyo iliyoshikanisha vyote. Udongo wa rangi ya manjano ulichukua sehemu 15, salfidi ya zinki 10, na unga wa mbao uliotoka kwenye misumeno ukakamilisha 10 zilizobaki. Hapakuwa na madini adimu humo, wala kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo. Nchi iliyokuwa imezingirwa baharini na kupigwa mabomu kutoka angani iliweza kukipata kila kimoja nyumbani.

Kazi ya kupaka ingeeleweka kwa fundi ujenzi yeyote. Kwanza chuma kilisafishwa mafuta na vumbi. Kisha tabaka la kwanza, la wastani wa milimita 5, likasambazwa kwa mwiko, na kabla halijakauka fundi aliligawa kwa ukingo wa mwiko huo kuwa miraba miraba ili lisipasuke ovyo na ili tabaka la juu lipate pa kushika. Liliachwa saa 24. Ndipo likaja tabaka la pili, jembamba zaidi, la kama milimita 3, na juu yake kukapitishwa chanuo la chuma lililoacha ile mistari maarufu. Mwisho mfanyakazi alipitisha tochi ya moto juu ya uso wote, taratibu, hadi lipu ikawa ngumu. Bila tochi ilibidi kusubiri siku nane.

Hawakupaka kila mahali. Minyororo, magurudumu, matundu ya hewa, milango na mahali pa kutundikia sururu na koleo viliachwa. Lipu ilienda hasa kwenye kuta za wima ambazo askari aliyesimama chini angeweza kuzifikia kwa mkono: pua ya kifaru, mbavu, nyuma, na kuta za mnara wa mzinga. Baada ya hapo gari lilipakwa rangi ya manjano iliyokoza, ambayo tangu Februari 1943 ilikuwa rangi rasmi ya magari ya kivita ya Ujerumani, kisha vikosi vikaongeza madoa ya kijani na kahawia kulingana na mahali vilipokuwa.

Kwa kuwa kazi ilikuwa ya mkono, kila kiwanda kilikuwa na mwandiko wake. Tiger za kiwanda cha Henschel kutoka Kassel zilijulikana kwa mistari mifupi ya kulala iliyopangwa katika safu. Magari ya mizinga ya StuG III kutoka kiwanda cha Alkett cha Berlin yalikuwa na vimraba vidogo vilivyofuatana mithili ya nyavu. Wataalamu wa leo wakitazama picha ya gari lililoungua nusu wanaweza kutaja kiwanda kilikotoka kwa kuangalia mikwaruzo peke yake, hata kama namba zote zimefutika.

Mwandiko huo haukuwa wa mafundi huru wote. Kufikia 1944 viwanda vya silaha vya Ujerumani vilijaa watu waliolazimishwa: raia waliokamatwa katika nchi zilizotekwa, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Nibelungenwerk, kiwanda kikubwa cha Panzer IV, kilifunguliwa kambi yake mnamo Agosti 1944 ikiwa tawi la kambi ya Mauthausen, na wafungwa wake wakaingizwa kwenye uzalishaji.

Siku zilizotumika kwa lipu zilikuwa na bei nyingine pia. Ujerumani ilijenga Panther kama 6,000 katika vita vyote, na Tiger ya kwanza haikufika hata 1,400. Upande wa pili Marekani ilitoa Sherman karibu 50,000, na Wasovieti wakaipita idadi hiyo kwa T-34. Kwa nchi iliyokuwa nyuma namna hiyo, kila gari lililosimama kiwandani likisubiri lipu ikauke lilikuwa pengo mahali fulani vitani. Tena viwanda vyenyewe vilikuwa chini ya mabomu. Kassel iliteketezwa usiku wa tarehe 22 Oktoba 1943. Mwezi uliofuata zamu ikawa ya Alkett, na uzalishaji wa StuG III ukaporomoka hivi kwamba ilibidi kampuni ya Krupp iunde gari mbadala, StuG IV, juu ya chasisi ya Panzer IV ili kuziba nafasi. Ndani ya hali hiyo, chanuo la chuma na tochi ya moto viliendelea na kazi.

Na adui aliyetarajiwa? Hakuja. Alikuja mwingine.

Wasovieti hawakuwapa askari wao wa miguu bomu la sumaku kwa wingi. Walikuwa na bunduki ndefu za kutobolea deraya, PTRD na PTRS, zilizopiga kutoka mbali na kutafuta matundu ya kuonea, minyororo na mbavu nyembamba. Walikuwa na chupa za petroli. Kuna wakati walifunza hata mbwa kubeba baruti chini ya vifaru. Kuanzia 1943 wakaongeza RPG-43, bomu la mkono la kurushwa lililotumia siri ile ile ya koni lakini likilipuka lilipogonga tu, bila kuhitaji kunata popote. Zimmerit haikuwa na la kufanya mbele ya silaha yoyote kati ya hizo.

Waingereza walikuwa wamefikiria kunasa, ila si kwa sumaku. Bomu lao namba 74 lilikuwa tufe la kioo lenye baruti, limevishwa kitambaa kilicholoweshwa ulimbo, na kuhifadhiwa ndani ya ganda la bati hadi wakati wa kutumika. Lilinata vizuri kwenye uso mkavu na safi, lakini kifaru kilichotoka vitani huwa kimejaa vumbi na tope, na ulimbo ulikuwa tayari kabisa kushika suruali ya mrushaji. Kufikia Julai 1943, walipotua Sicily, Waingereza walikuwa na PIAT, kirushio cha begani. Wamarekani walikuwa na Bazooka tangu 1942. Askari hakulazimika tena kugusa kifaru ili kukiua.

Wajerumani wenyewe walifuata njia hiyo hiyo, tena kwa kasi. Panzerfaust za kwanza zilifika vitani katika nusu ya pili ya 1943. Lilikuwa bomba rahisi la kutumika mara moja na kutupwa, lenye kichwa cha kutoboa deraya. Za mwanzo zilifika mita 30, na baadaye mita 60 na zaidi. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Mei 1944 Hafthohlladung ikatangazwa kuwa silaha iliyopitwa na wakati, na waliokuwa nazo wakaagizwa wamalize zilizobaki ghalani. Bomu lililozaa hofu likastaafishwa na jeshi lililolibuni, huku mafundi wa Kassel na Berlin wakiendelea kuchana lipu kwa miezi minne mingine.

Ndiyo maana hakuna awezaye kusema Zimmerit iliokoa vifaru vingapi. Kinga haipimwi bila shambulio, na shambulio lenyewe halikutokea kwa kiwango cha kutosha kupimwa. Waingereza waliuchunguza upako huo kwenye magari waliyoteka, lakini hakuna jeshi la Washirika lililoufanya kuwa sehemu ya kawaida ya vifaru vyake.

Kilichoifukuza lipu hiyo viwandani hakikuwa hesabu hizi. Kilikuwa uvumi. Katikati ya 1944 zilienea habari kwamba kombora likigonga kifaru chenye Zimmerit, lipu inashika moto na kuliteketeza gari. Kwa wafanyakazi wa ndani ya kifaru hakuna neno linaloogopwa kuliko moto, na mtu aliyesikia kwamba anapanda gari lililopakwa gundi na unga wa mbao hakuhitaji kushawishiwa zaidi. Tarehe 9 Septemba 1944 viwanda vikaamriwa kuacha kupaka. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Oktoba, vikosi navyo vikakatazwa. Majaribio yakafanywa, na yakaonyesha kwamba uvumi haukuwa na msingi: lipu haikuwa ikichoma vifaru. Hata hivyo amri haikurudishwa nyuma. Wakati huo Washirika walikuwa wameshaipita Paris, Jeshi Jekundu la Wasovieti liko Poland, na wasimamizi wa viwanda walikuwa wamekwisha kuonja faida ya kutoa kifaru bila kungoja lipu ikauke.

Hivyo Zimmerit iliingia kwa kudhani adui angetumia silaha ambayo hakuitumia, na ikatoka kwa kudhani ingewaka, nayo haikuwaka.

Mahali ambapo kinga ya namna hiyo ilihitajika kwa dhati palikuwa upande mwingine wa dunia, na aliyesababisha ihitajike alikuwa mshirika wa Ujerumani. Wajapani walikuwa na bomu la Type 99, mkoba wa duara wenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja na sumaku 4 pembeni. Halikutoboa sana, lakini Sherman za Marekani zilikuwa na mbavu nyembamba kuliko za Panther, na katika visiwa vya Pasifiki vyenye mapango na mashimo askari wa Kijapani aliweza kujitokeza hatua chache tu kutoka kwenye kifaru. Huko watu walikaribia kweli na kupachika kweli.

Wanamaji wa Marekani hawakusubiri kampuni ya kemikali. Kwa ajili ya Iwo Jima, walikotua tarehe 19 Februari 1945, vikosi vya vifaru vilifunga mbao nene kwenye mbavu za Sherman ili sumaku isikutane na chuma. Baadhi walimimina zege katika nafasi kati ya mbao na bamba. Juu ya milango walichomelea misumari iliyosimama wima na vizimba vya nondo, ili bomu likiwekwa lisikae sawasawa. Magari yakawa na sura ya banda la kuku lenye mzinga, lakini kanuni ilikuwa ile ile ya Berlin: umbali. Tofauti ilikuwa kwamba hapa hatari ilijulikana kwanza, kinga ikafuata, tena kwa vifaa vilivyopatikana kambini.

Kwa wanahistoria, Zimmerit imegeuka kuwa kalenda. Tiger 131, iliyotekwa na Waingereza Tunisia mnamo Aprili 1943 na ambayo bado inanguruma katika jumba la makumbusho la Bovington, ina chuma laini kwa sababu lipu ilikuwa bado haijaanza. Tiger iliyoachwa kando ya barabara huko Vimoutiers, Normandy, wakati Wajerumani walipokuwa wakikimbia Agosti 1944, ilibaki na mabaki ya mistari mwilini kwa miongo kadhaa ya mvua na jua. Na Tiger II iliyotelekezwa na kikosi cha Kijerumani cha kamanda Peiper katika kijiji cha La Gleize, Ubelgiji, Desemba 1944, ni laini tena, maana ilitoka Kassel baada ya amri ya Septemba. Picha isiyo na tarehe mara nyingi hupata tarehe yake kwa namna hiyo.

Siku hizi wanaojua zaidi kupiga lipu hiyo ni waundaji wa vifaru vidogo vya plastiki. Wapo wanaosambaza utomvu laini juu ya kifaru chenye ukubwa wa kiganja na kuukwaruza kwa chanuo walilotengeneza wenyewe, jioni baada ya jioni, mstari kwa mstari. Wasio na subira hununua karatasi za kubandika zenye mistari tayari, ambazo kampuni ya Kijapani ya Tamiya huziuza kwa aina mbalimbali za magari. Kabla ya kuanza, wote hulazimika kwanza kujua kifaru chao kilitoka kiwanda gani na mwezi gani. Atakayepeleka kwenye mashindano Tiger ya Tunisia ikiwa imepigwa Zimmerit ataambiwa na majaji akaibandue.